Soketi Isiyoulizwa

Mtu akileta gari la umeme mtaani, maswali humjia kwa mpangilio ule ule. Likinyeshewa je, si litampiga shoti? Betri ikilipuka je? Na chaji ikiisha Mtito Andei, atalisukuma mpaka wapi? Ni maswali ya haki, na yote yana majibu. Mvua kwanza: pini za ule mdomo unaochomekwa kwenye gari hazina umeme wa maana mpaka gari na chaja vimesalimiana na kukubaliana, kwa hiyo anayechomeka gari lake kwenye manyunyu hulowa tu. Betri huweza kuwaka, hilo halifichwi, lakini takwimu za Norway na Sweden, ambako magari haya yamejaa barabarani, zinaonyesha kuwa yale ya petroli na dizeli ndiyo yanayoshika moto mara nyingi zaidi, jambo lisilopaswa kumshangaza mtu anayekumbuka kwamba kazi ya petroli ni kuwaka. Kuhusu Mtito Andei, aliyetoka Nairobi na nusu chaji hana wa kumtetea. Swali lisiloulizwa na mtu yeyote, si jirani, si shemeji, si hata muuzaji wa gari, ni hili: hiyo soketi utakayochomekea iko wapi, aliifunga nani, na mwaka gani? Iko nyuma ya kochi, imefungwa na fundi ambaye namba yake ya simu haipatikani tena, na mwaka huo mwenye nyumba alikuwa hajapaka rangi mara ya kwanza. Katika safari nzima ya umeme kutoka kwenye mita hadi kwenye betri, sehemu inayostahili hofu yetu ni hiyo soketi na waya ulio nyuma yake, kwa sababu ndiyo sehemu pekee ambayo hakuna mtu wala mashine inayoiuliza hali.

Tuanze na mwenye akili. Chaja ya kubebeka inayokaa kwenye buti si waya mtupu. Katikati yake pana sanduku dogo lenye taa mbili tatu, na sanduku hilo lina adabu kuliko wanaolitumia. Linatoa volti 12 kwenye pini ya mawasiliano. Likiunganishwa na gari volti hizo hushuka hadi 9, na gari likiwa tayari kupokea zinashuka hadi 6. Hapo ndipo swichi ya ndani inapolia "ta!" na umeme wa kweli kupita. Muda wote huo sanduku linalipelekea gari mapigo elfu moja kwa sekunde, na urefu wa kila pigo ndio ujumbe wenyewe. Pigo likidumu robo ya nafasi yake, maana yake ni "usivute zaidi ya ampea 15". Likidumu sehemu moja ya sita, maana yake ni "usivute zaidi ya 10". Gari linatii bila kubishana. Juu ya hayo, sanduku linachunguza kama kuna umeme unaovuja kwenda kusikofaa, na likiona miliampea 30 tu zimepotea njia linakata kila kitu. Zilizo nzuri hukataa kabisa kufanya kazi kama soketi haina waya wa ethi. Sasa tazama kisichomo katika mazungumzo hayo yote. Sanduku linaliambia gari kuna ampea 10, lakini limejuaje? Halikuupima waya wa ukutani, halikukaza skurubu ya soketi, halikumuuliza fundi alinunua waya wa milimita ngapi na kiasi gani cha hela ya waya alitia mfukoni. Liliandikiwa namba hiyo kiwandani, na mtu asiyejua kama duniani kuna mahali panaitwa Kisauni. Baadhi ya chaja mpya zimewekewa kipima joto ndani ya plagi yenyewe, na hizo zinastahili pongezi na bei yake. Nyingine zote zinauamini ukuta kwa nia njema tu.

Hapa ndipo mwenye gari anapojibu kwa kujiamini: soketi hiyo hiyo ndiyo tunayochemshia chai kila siku, na birika la umeme linakula wati 2,000, mbona haijawahi kulalamika? Namba zake ni sahihi. Kosa liko kwenye saa. Birika linafanya kazi kwa dakika nne, halafu familia inakunywa chai na soketi inapoa. Pasi hujizima na kujiwasha yenyewe kila mara joto linapofika. Gari halina tabia hiyo. Nissan Leaf ya kizazi cha kwanza, ambayo ndiyo wengi wetu tunaiona barabarani, ilianza na betri ya kilowati-saa 24. Ukiichaji kwa ampea 10 za volti 240 unaipa kilowati 2.4, na kutoka chini kabisa hadi kujaa ni saa 10 na ushee, kwa sababu kuna umeme unaopotea njiani. Hamali wa bandarini ataliinua gunia la kilo 90 kutoka kwenye lori mpaka ghalani akiimba, na atafanya hivyo mara ishirini kwa siku mradi apate pumzi kati ya gunia na gunia. Mwambie abebe gunia moja tu, lakini mpaka Mariakani, bila kulitua. Gunia halijaongezeka uzito hata gramu moja, na mtu wetu atakuwa ameanguka kabla ya kuliona daraja la Makupa. Soketi zetu za pini tatu bapa zinafuata kanuni ya Waingereza iliyotolewa mwaka 1947, nao walizikusudia kwa vyombo vya nyumbani vya enzi hiyo. Zilipewa ampea 13 kama uwezo wa juu kabisa. Kwa sababu hiyo chaja nyingi za gari zinazotengenezwa kwa plagi hii huishia ampea 10, na Waingereza wenyewe baadaye waliweka kanuni ya soketi maalumu zinazoandikwa herufi EV kwa nyuma, yaani zimepimwa kwa kazi ya usiku kucha. Waliotunga soketi hawaiamini soketi yao kiasi hicho. Sisi tulioirithi tunaiamini kuliko wao.

Joto lenyewe linatoka wapi? Haliko sana kwenye waya. Linazaliwa pale chuma kinapogusana na chuma: pini ya plagi na kile kishikio cha shaba ndani ya soketi, na waya pale unapobanwa na skurubu. Mguso ukiwa mzuri, ukinzani wake ni mdogo mno. Ukilegea kidogo na kufikia sehemu ya kumi ya omu, ampea 10 zinazaa wati 10 pale pale. Ukifika nusu omu, ni wati 50, na fundi redio analehemu nyaya kwa pasi ya wati 30 au 40. Yaani ndani ya ukuta, nyuma ya kochi, kuna kifaa chenye nguvu kupita pasi ya kulehemu kilichowashwa saa tatu za usiku na hakuna anayelehemu chochote. Mpira wa nyaya nyingi za nyumbani umekadiriwa kuvumilia nyuzi 70 tu. Ubaya wa mambo haya ni kwamba hayatulii: joto linatanua chuma, asubuhi kinapoa na kusinyaa, skurubu inalegea robo mzunguko, kishikio kinapoteza ukakamavu wake, ukinzani unapanda, na usiku unaofuata joto linaanza pale lilipoachia jana. Pwani tuna nyongeza yetu ya bure, hewa ya chumvi. Fungua soketi ya zamani ya nyumba ya Likoni (zima swichi kuu kwanza, tafadhali) utaona unga wa kijani kwenye shaba, doa la kahawia kuzunguka tundu la waya wa moto, na skurubu inayozunguka kwa ncha ya kidole. Soketi hiyo imechaji simu miaka kumi bila kulalamika, kwa kuwa simu inavuta vijisehemu vya ampea. Uzee wake haukuwahi kupewa mtihani.

"Si kuna breka?" Hili ndilo pingamizi kubwa, na linatoka hata kwa watu waliosoma. Breka ipo, inahesabu ampea, na inaijua kazi yake: nyingi mno zikipita, inakata. Lakini soketi iliyolegea haivuti ampea nyingi. Gari limeombwa livute 10, linavuta 10, breka inaziona 10 na kuridhika, huku plastiki ikigeuka rangi. Breka iko kwenye ubao wake karibu na mlango, mita nane kutoka kwenye joto, na hakuna aliyeitengeneza ili inuse. Fyuzi iliyo ndani ya plagi iko karibu zaidi na tukio, ila nayo ni ya uvumilivu wa kupita kiasi: fyuzi ya ampea 13 inaweza kupitisha karibu ampea 20 kwa muda mrefu sana bila kukatika. Hapo nazungumzia fyuzi ya kweli. Sizungumzii ile iliyovishwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, wala ile iliyobadilishwa na uzi mmoja wa waya "kwa muda tu" wakati wa mazishi ya babu, na babu sasa ana miaka saba kaburini. Hivyo mtu anayetegemea breka imwokoe na soketi mbovu amemwajiri askari wa kuhesabu wageni, kisha anamlaumu kwa kutojua kwamba jikoni kunaungua.

Kisa kinachokusanya haya yote mahali pamoja ni safari ya chaja kutoka Japani. Leaf ilianza kuuzwa mwishoni mwa 2010, na magari yaliyokwisha kutumika kule yakaanza kushuka Mombasa yakiwa na waya wao ndani ya buti, umekunjwa vizuri, una karatasi yake ya onyo, yote kwa Kijapani. Nyumba za Japani zina soketi za volti 100. Mwenye gari la umeme huko anafungiwa soketi ya pekee ya volti 200, nje ya nyumba, kwa laini yake yenyewe kutoka kwenye ubao mkuu, isiyochanganywa na friji wala televisheni. Chaja ya ampea 15 iliyomo kwenye buti ilizaliwa katika starehe hiyo. Inafika hapa na plagi ya pini mbili bapa na ya ethi isiyoingia kwenye soketi yoyote kati ya Lunga Lunga na Lodwar. Anaitwa fundi. Fundi anaitazama plagi ile kwa huruma, anatoa koleo, anaikata, anafunga plagi ya ampea 13 aliyoinunua dukani njiani. "Dakika tano, bosi." Na kweli inafanya kazi, taa inawaka, kila mtu anafurahi, fundi anaondoka na plagi ya Kijapani kama ukumbusho. Lakini fundi amebadilisha plagi, hakubadilisha ujumbe. Sanduku bado linaliambia gari kwamba kuna ampea 15, kwa sababu ndivyo lilivyofundishwa, nalo gari, lenye uwezo wa kupokea kilowati 3.3 hivi, linajivutia karibu ampea 14 kupitia plagi ya 13, usiku kucha, kutoka kwenye soketi inayoshiriki laini moja na friji. Kila mmoja katika mnyororo huu amesema kweli kwa kadiri ya ufahamu wake. Aliyedanganywa ni ukuta.

Akina sisi hatuishii hapo, maana ubunifu hauna mpaka. Kuna chaja za soko la Ulaya zenye pini mbili za mviringo, na kila mtoto wa mjini anajua jinsi ya kuiingiza plagi ya pini mbili kwenye soketi ya matundu matatu: unachukua kalamu ya biki, unaisokomeza kwenye tundu la juu, vile vifuniko vya ndani vinafunguka, pini mbili zinaingia kwa nguvu, na biki inabaki pale ikining'inia. Tundu la juu ndilo la ethi. Vifuniko vile viliwekwa makusudi ili umeme usifikiwe kabla ethi haijafika, na sisi tumeitimiza kanuni hiyo kwa kuupa ukuta wino. Kwa redio mtu anaweza kusalimika. Kwa gari lenye bodi ya chuma, linaloguswa na kila mpita njia, umeondoa ule mlango wa dharura ambao umeme wenye hitilafu ungetokea, pamoja na fyuzi ya plagi, kwa mkupuo mmoja. Wapo wanaopitisha gari kwenye kile kifaa cha kulinda friji umeme unaporudi kwa kishindo, wakiamini wamechukua tahadhari. Kimeandikwa pembeni kwa maandishi madogo kwamba mzigo wake ni ampea 5 au karibu na hapo. Wapo wa ekstensheni. Ekstensheni ya dukani yenye matundu manne na taa nyekundu mara nyingi ina waya mwembamba kuliko wa chaja yenyewe, na ile ya kuzungusha kwenye gurudumu ina hila yake ya ziada: uwezo ulioandikwa kwa herufi kubwa ni wa waya uliokunjuliwa wote, na ikiachwa imeviringwa uwezo unashuka hata chini ya nusu, kwa sababu kila mzunguko unampasha joto jirani yake. Kabla hatujajicheka peke yetu, shirika la Uingereza la Electrical Safety First liliwauliza wenye magari ya umeme mwaka 2019, na karibu robo tatu wakasema huchajia kwenye ekstensheni za nyumbani zisizofaa kazi hiyo, wengi wao wakikiri kwamba walijua hawapaswi. Huo nao ni ushahidi kwamba elimu peke yake haimzuii mtu aliye mbali na soketi.

La hatari kuliko yote, na ambalo sioni ucheshi wowote ndani yake, linatokana na uaminifu wa sanduku lenyewe. Linachomekwa, linawasha taa nyekundu, linakataa: hakuna ethi. Mwenye nyumba anasema chaja ni mbovu. Anaitwa fundi mwingine, anafungua soketi, anachukua kipande cha waya na kuunganisha tundu la ethi na la nyutro. Sanduku linapima, linaona njia ya kurudi, taa inakuwa kijani, na fundi anapata sifa ya kumshinda Mzungu. Sasa siku nyutro itakapokatika popote kati ya soketi hiyo na nguzo, na nyutro hukatika, umeme utatafuta njia nyingine, na njia iliyoandaliwa ni bodi ya gari. Yule mtoto anayeegemea mlango ili afunge kamba za viatu hakushirikishwa kwenye uamuzi huo. Taa nyekundu ilikuwa ndiyo sentensi pekee ambayo chaja ilikuwa inaweza kutamka kuhusu ukuta, na tumemlipa mtu ainyamazishe. Nyumba isiyo na ethi inataka fimbo ya shaba ardhini na fundi mwenye leseni na kipimo mkononi. Kazi hiyo haifanyiki ndani ya soketi.

Najua litakalosemwa: haya ni mambo ya wenye hela. Chaja ya kufungwa ukutani ni ghali, gari lenyewe limenunuliwa kwa mkopo, na aliyeacha petroli aliacha kwa sababu ya bei ya petroli. Nakubali, na ndiyo maana simwambii mtu anunue chochote kabla ya kupiga hesabu ifuatayo. Joto la pale kwenye mguso haliendi sambamba na ampea, linaenda na ampea zikizidishwa kwa zenyewe. Ukishuka kutoka ampea 10 hadi 6, hukupunguza joto kwa sehemu nne za kumi. Umelipunguza hadi kubaki kitu cha theluthi moja na kidogo. Ukilinganisha na zile 14 za Leaf ya koleo, limebaki chini ya sehemu moja ya tano. Na unapoteza nini? Ampea 6 kwa volti 240 ni wati 1,440, na kwa saa 10 za usiku ni kilowati-saa 14. Toa zinazopotea, ibaki 12. Gari dogo linaenda kama kilomita 6 kwa kila moja, kwa hiyo ukiamka una kilomita 70 mpya. Anayetoka Mtwapa kwenda kazini mjini Mombasa na kurudi hatumii hata 50. Wa Kitengela aendaye Nairobi anakaribia 60, na bado amebakiwa na za kupitia sokoni. Chaja nyingi za siku hizi zina kitufe cha kuchagua ampea 6, 8, 10 au 13, na magari mengi yanaruhusu kupunguza kwenye kioo chake. Watu wanakibonyeza kitufe hicho mara moja tu maishani, siku ya kwanza, kwenda juu. Huko Ufaransa chaja za soketi ya kawaida huwekewa kikomo cha ampea 8, na Wafaransa hawajulikani kwa kuchelewa chakula cha jioni kwa sababu ya hilo. Mwendo wa pole una gharama yake ndogo, kwa kuwa vifaa vya ndani ya gari hujilia umeme wao muda wote wa kuchaji, lakini ni hela za pipi. Mwenye haraka ya kweli, wa safari ya ghafla ya Voi, aende kituo cha kuchaji cha umma. Soketi ya sebuleni haikuahidi dharura.

Kuna jambo moja ambalo usiku unalipotosha. Kuchaji usiku ni busara kwa taifa: mvuke wa Olkaria haulali, na kuna usiku ambao sehemu yake huachwa ipotee hewani kwa kukosa mtumiaji, na mwaka 2023 Kenya ikaweka bei maalumu ya umeme wa magari, iliyo nafuu zaidi saa za usiku. Kwa soketi mbovu, hata hivyo, usiku ndio wakati ambao haina shahidi. Kwa hiyo mtihani ufanywe mapema, watu wakiwa macho. Chomeka saa moja jioni, ngoja nusu saa, gusa uso wa plagi kwa mgongo wa vidole. Rudi tena baada ya saa mbili. Uvuguvugu ni halali. Ukishindwa kuacha vidole pale, simamisha chaji kwenye gari kwanza, kisha zima swichi, ndipo uchomoe, kwa kuwa kuchomoa umeme ukiwa unapita kunazua cheche zinazotafuna pini, na pini iliyotafunwa ndiyo mwanzo wa joto la kesho. Tazama pia sanduku limekaaje. Mara nyingi linaning'inia hewani kwa uzito wake wote, likiivuta plagi chini usiku kucha mpaka pini ya juu inaanza kuchungulia. Msumari mmoja wa kulitundika ungemaliza kesi. Na harufu. Plastiki nyingi za soketi zikipata joto kupita kiasi hunuka samaki. Hilo lingekuwa onyo zuri sana mahali pengine, lakini Mombasa harufu ya samaki saa tatu za usiku ni ushahidi tu kwamba kwa akina mama Halima kumekarangwa changu, na watu husogea dirishani kwa hamu badala ya kukimbilia swichi kuu. Mwenye gari la umeme anayeishi pwani hana budi kuzijua nyakati za mapishi za majirani zake wote.

Dawa kamili si ya ajabu: laini ya pekee kutoka kwenye ubao, waya wa milimita 4 za mraba au 6 kama ni mbali, breka yake, kifaa cha kukata umeme unaovuja cha miliampea 30 cha aina inayofaa magari, ethi iliyopimwa, na mwisho wake ile soketi ya bluu ya viwandani ya pini nene, iliyozoea mizigo ya kutwa nzima. Fundi mwenye leseni huimaliza kwa siku moja. Kinachobaki ni pingamizi la mpangaji, nalo ni zito kuliko ya fizikia yote: nyumba si yangu, na mwenyewe hataki ukuta wake uchimbwe. Mwenye nyumba huyo hakatazi uchimbaji kwa kuupenda ukuta. Anaogopa bili ya umeme ichanganywe na ya wengine, na anaogopa kuachiwa matundu. Yote mawili yanazungumzika. Waya unaweza kupita juu ya ukuta ndani ya bomba la plastiki bila kuchimba hata inchi, na mita ndogo ya kuhesabu umeme wa gari peke yake inapatikana kwenye maduka ya vifaa vya umeme. Mwambie pia kwamba laini hiyo itabaki, na kwamba mpangaji ajaye mwenye gari kama hilo atamlipa zaidi; uso wake utabadilika papo hapo. Akikataa bado, muombe jambo moja dogo la kuanzia: soketi mpya ya duka la kuaminika badala ya ile ya nyuma ya kochi, na skurubu zikazwe mbele yako, kisha weka kitufe kwenye 6.